Jaketi la mtumba lenye herufi ya runi

Najua nimewatupa kama wiki mbili hivi, mambo ya testi na kazi za vikundi yalinibana... Leo nimepata upenyo, nimekaa zangu kwenye kimbweta, na nina stori iliyoanza kama utani ikaishia kunipeleka maktaba jioni tatu mfululizo.

Mshkaji wangu wa chumbani alinunua jaketi jeusi la mtumba pale Karume, elfu kumi na mbili tu, zuri kweli. Kwenye mkono limedariziwa alama kama samaki aliyesimamishwa kichwa juu: umbo la almasi, na chini miguu miwili imetanuka. Wote tulijua ni nembo ya kampuni ya nguo. Basi Ijumaa tukiwa kwenye foleni ya chakula, dada mmoja Mjerumani aliyekuja hapa kusoma muhula mmoja akaliangalia lile jaketi, akamuuliza jamaa kwa upole kabisa, "Kaka, unajua umevaa nini?" Jamaa akajibu, "Jaketi." Tukacheka. Yule dada hakucheka.

Akatueleza kwamba ile ni runi, inaitwa odali, na kwamba kwao mtu akiivaa watu wanafikiria Wanazi moja kwa moja. Mshkaji akabisha: yeye ameshaona kwenye filamu, hizo ni herufi za Waviking, Hitler anaingiaje hapo? Swali zuri sana, na mimi ninayejiita mwalimu mtarajiwa wa historia sikuwa na jibu. Aibu!

Nilichokuta ni hiki. Runi ni alfabeti tu, ndugu zangu. Watu wa Ulaya ya kaskazini walikuwa wanazitumia tayari karne ya 2. Kuna kitana kilichookotwa Vimose, Denmark, cha kama mwaka 160, kimechorwa neno moja la herufi tano. Kitana! Herufi za mwanzo zilikuwa 24, na mistari yake imenyooka, jambo linalofaa kwa mtu anayechonga kwenye mbao.

Kilichonifurahisha zaidi ni Bergen, Norway. Mwaka 1955 moto uliunguza sehemu ya Bryggen, bandari ya zamani ya mji ule, na walipochimba pale wakapata maandishi ya runi kama 670, mengi kwenye vipande vya mbao vya zama za kati. Kuna vibao vya kufunga kwenye mizigo kuonyesha mwenye mali, kuna barua za biashara, mambo ya mapenzi, matusi... Kimojawapo kinamwambia mtu kwamba Gyda anasema arudi nyumbani. Basi! Miaka mia nane imepita na mimi najua kabisa jamaa alikuwa amekaa wapi saa zile.

Sisemi hakukuwa na imani za nguvu. Masimulizi ya kale yaliyoandikwa Iceland karne ya 13 yanasema mungu Odin alining'inia kwenye mti siku tisa mpaka akazipata runi. Kwetu pwani herufi za Kiarabu ziliandika barua za biashara kwa Kiswahili, na hizo hizo zikaandika hirizi na kombe. Herufi ni ile ile, kazi tofauti. Tatizo ni kwamba "siri za kale" nyingi zinazouzwa leo si za kale hata kidogo.

Guido von List, Mwaustria, alifanyiwa upasuaji wa macho mwaka 1902 akakaa miezi kadhaa haoni. Akadai kwamba katika giza lile amefunuliwa maana ya siri ya runi. Akatoka na runi zake 18, ambazo hakuna jiwe wala mbao ya kale yenye mpangilio ule, na kitabu chake kikatoka mwaka 1908. Ile herufi ya sauti "s", ambayo jina lake la kale lilimaanisha jua, yeye akaipa maana ya ushindi. Miaka ya 1930 kikosi cha SS kikaweka mbili za hivyo kwenye kola zao. Yaani zile radi mbili tunazoziona kwenye filamu za vita zinabeba maana iliyotungwa na mzee wa Vienna!

Upande wa ramli ni hivyo hivyo. Mwaka 1982 Mmarekani Ralph Blum alitoa kitabu pamoja na vibao vya kupigia bao, akaongeza na kibao kitupu kisicho na herufi. Mpaka leo kuna watu wanaamini kibao kile ni urithi wa Waviking... (Nikipata mtaji nitaanzisha na mimi, bumu lenyewe halitoshi.)

Sasa turudi kwenye jaketi. Odali ilimaanisha ardhi ya urithi, mali ya ukoo. Wakati wa vita kuu ya pili ilikuwa alama ya divisheni ya SS iliyoitwa Prinz Eugen, iliyoundwa mwaka 1942 na kupigana Yugoslavia, ambako ilifanya mauaji ya raia. Mwaka 2016 kundi moja la Wanazi mamboleo Marekani likaiweka swastika pembeni na kuchukua odali badala yake, ili lionekane la kistaarabu kidogo.

Na hapa ndipo niliporuka kwenye kiti pale maktaba: Waviking wenyewe odali hawakuwa nayo! Kufikia zama zao alfabeti ya Skandinavia ilikuwa imepunguzwa kutoka herufi 24 hadi 16, na odali ilikuwa miongoni mwa zilizoachwa. Kwa hiyo hao wanaotembea nayo kifua mbele wakijiita damu ya Waviking wamebeba herufi ambayo babu wanayemdai alishaitupa.

Runi ambazo Waviking walikuwa nazo kweli unazo mfukoni. Alama ya Bluetooth ni runi mbili zilizounganishwa, H na B, za Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 aliyepewa jina la Jino la Buluu. Jina lile lilipendekezwa na mhandisi wa Intel mwaka 1997. Tunarushiana nyimbo kwa jina la mfalme na hatujui.

Niliporudi chumbani nikamwaga yote haya, nikidhani nimemletea mshkaji ushindi. Akasema, "Si unaona? Maana yenyewe ni ya uongo, kwa hiyo navaa." Nikakwama. Maana ni kweli, List alitunga. Lakini waliouawa Yugoslavia hawakutungwa. Na kuna watu Iceland, dini yao ya miungu ya kale ilitambuliwa na serikali mwaka 1973, wanaozitumia runi kwa heshima zao na hawataki habari za ubaguzi. Hao nao wanachafuliwa. Nikamwambia mimi siwezi kumwamulia, ila yule dada tunakutana naye kila siku kwenye foleni, na babu yake mimi sijui alikuwa upande gani wa vita ile.

Akanyamaza. Jumapili nikamkuta ameshika sindano na uzi, anashona beji kubwa juu ya alama. Nikafurahi mpaka nilipoisogelea. Ya Yanga! Na mnajua mimi ni Simba wa damu...