Uwekevu wa Nyumba ya Pwani

Lugha yetu ina maneno matatu ambayo yapasa kutengwa kabla ya habari hii kuanza. Israfu ni kutumia kupita haja. Ubahili ni kuzuia pale panapopasa kutoa. Kati ya hayo mawili limekaa neno la tatu, uwekevu, ambalo maana yake ni kutoa kwa kipimo na kuweka kwa sababu. Mbadhirifu na bahili hudhaniwa kuwa maadui, walakini kosa lao ni moja: wote wawili hawajui thamani ya kitu walicho nacho. Mmoja hukitupa kabla hakijamaliza kazi yake, na mwingine hukifungia kisifanye kazi yo yote. Nia ya insha hii ni kueleza historia ya uwekevu katika nyumba za mwambao wetu, hasa zile zilizojaa watu, na kuuliza swali ambalo wenye kusifu mambo ya kale husahau kuliuliza: uwekevu ule ulilipwa na nani?

Shahidi wa kwanza wa historia hii ni mnazi. Asili ya mti huu si Afrika. Uliletwa kwa bahari kutoka mashariki, ukaota, ukawa mwenyeji. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyepita katika bahari ya Zanji mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kuwa minazi ilikuwako katika visiwa vya nchi hiyo na kuwa watu wake walikula nazi. Kabla yake, kitabu cha baharia wa Kiyunani cha karne ya 1 kilitaja bandari ya Rhapta, ambayo jina lake lilitokana na mashua zilizoshonwa. Vasco da Gama na watu wake walipofika Msumbiji katika mwaka 1498 walikuta vyombo vikubwa visivyokuwa na misumari, mbao zake zimefungwa kwa kamba, na matanga yake ni mikeka. Katika visiwa vya Lamu mtepe ulioshonwa kwa kamba ya makumbi uliendelea kusafiri hata mwanzo wa karne ya 20. Msumari ulikuwa ghali na kamba ilikuwa mlangoni. Basi chombo chenye kuvuka bahari kilisimama kwa nguvu ya kitu ambacho mtu wa nchi nyingine angalikitupa jaani.

Tuingie sasa jikoni, maana huko ndiko elimu hii ilikofundishwa. Nazi ikisha kufuliwa kwa kifuo, makumbi huwekwa upande mmoja. Huvunjwa, na maji yake hunywewa na mtoto aliye karibu. Hukunwa juu ya mbuzi, na machicha hutiwa maji kidogo, yakakamuliwa katika kifumbu. Tui la kwanza, zito, liitwalo kasimile, huwekwa kando. Machicha hutiwa maji tena, yakakamuliwa mara ya pili na pengine mara ya tatu, na tui hilo jepesi ndilo litangulialo chunguni kuivisha maharage, mchicha au samaki. Kasimile huingia mwisho, chungu kikikaribia kuteremshwa. Mpishi atakuambia kuwa hufanya hivyo kwa ajili ya ladha, na kweli yake ni kamili. Lakini ladha na hesabu hapa zimeoana, kwa kuwa nazi moja imefanya kazi ya mbili.

Na bado chicha haijastaafu. Humwagiwa kuku, na kuku huirudisha nyumbani kwa sura ya yai. Ikibaki, husugulia sufuria. Kifuu kikubwa kilicho kizima hutiwa mpini kikawa upawa wa kupakulia mchuzi au kata ya kutekea maji mtungini. Kilichopasuka huingia motoni, na moto wa vifuu ni mkali kuliko wa kuni nyingi. Mti wenyewe hutoa kwa kila umri wa tunda lake: dafu kwa mwenye kiu, koroma ambayo si dafu tena wala haijawa nazi, nazi kwa chungu, na mbata kwa mafuta na kwa biashara. Katika karne ya 19 mbata za Unguja zilivuka bahari hata Marseille, Ufaransa, zikatoe mafuta na sabuni.

Kuti nalo halikuanguka bure. Likisukwa nusu nusu huwa makuti ya kumba ya kuzungushia ua; majani yake yakichambuliwa na kupangwa juu ya ufito huwa makuti ya viungo ya kuezekea paa. Paa la makuti lililochakaa huteremshwa na kuwashia moto. Njiti za katikati ya majani, yaani chelewa, hufungwa pamoja zikawa ufagio, na karara lililokauka huwa kuni. Nadhani hakuna haja ya kuendelea. Msomaji aliyekulia pwani anaijua orodha hii kwa mikono yake, na ambaye hakukulia huko ameona ya kutosha.

Uwekevu wa nyumba haukuwa wa mnazi tu. Ulikuwa katika kipimo. Nafaka haikuchotwa kwa kukisia. Ilipimwa kwa kibaba, na vibaba 2 vilifanya kisaga 1, na vibaba 4 vilifanya pishi 1. Tunaposema haba na haba hujaza kibaba twadhani twanena kwa mfano, lakini aliyeisema methali hiyo mara ya kwanza alikuwa na kibaba cha kweli mbele yake, na watu wa kweli wakingoja kula. Mama wa nyumba yenye watu kumi na wawili alijua vibaba vya siku, vya juma na vya mwezi, na alijua pia kuwa pishi la mwisho haliguswi mpaka jingine limeingia.

Ulikuwa pia katika namna ya kula. Sinia moja lililozungukwa na watu sita huosha kwa maji machache kuliko sahani sita, na chakula kilichomshinda mmoja humalizwa na mwenzake aliye ubavuni. Ukoko uliogandama chini ya sufuria uligombewa na watoto kama tunu. Chakula cha jioni kilichosalia kilifunikwa kikawa bariyo ya asubuhi, na mtoto alikwenda chuoni ameshiba. Mgeni hakuvunja hesabu hiyo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku mbili za kwanza zilimkinga mwenyeji na ubahili, na siku ya tatu ilimkinga na israfu. Sijui kanuni ya nyumba iliyo fupi kuliko hiyo yenye haki kwa pande zote mbili.

Vitu vya kigeni vilipoingia havikuiharibu tabia hii upesi. Bali tabia iliviteka. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 mafuta ya taa kutoka Marekani yalikuja katika mabati ya galani 4. Mafuta yalikwisha, na bati likaanza maisha yake ya pili likiitwa debe. Debe likateka maji, likapima mahindi sokoni, likakatwa likawa koroboi, likakunjuliwa likaezeka banda la kuku. Likaingia hata katika methali, kwa kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Kanga, ambayo ilienea Unguja na Mombasa karibu na wakati huo huo, ilifuata njia hiyo hiyo. Doti mpya ilikuwa ya arusi na ya kutembelea. Ikififia ilikuwa ya nyumbani na jikoni. Ikilainika ilikuwa mbeleko ya mtoto na winda lake. Ikichanika ilikuwa ngata ya kubebea mtungi, kisha tambara, na mwisho utambi wa taa. Mtoto wa pwani aliweza kulala chini ya mwanga wa kanga aliyopokelewa nayo duniani.

Hapa ndipo wengi huweka kalamu chini na kusema, tazameni hekima ya wazee wetu. Mimi pia nilikuwa na nia ya kuishia hapo, lakini kamba ya makumbi hainipi ruhusa.

Makumbi hayawi kamba kwa kutakwa. Hufukiwa katika mchanga wa ufukoni, mahali ambapo maji hupwa na kujaa, yakakaa miezi mingi mpaka yaoze nyama yake. Kisha hufukuliwa yakiwa na uvundo, yakapigwa kwa rungu hata usumba ukatoka, yakaoshwa, yakaanikwa, na ndipo usumba husokotwa kwa viganja, unyuzi kwa unyuzi. Katika vijiji vya mashariki ya Unguja kazi hii ilikuwa ya wanawake. Katika jamaa yetu alikuwako shangazi aliyeifanya tangu utoto. Kwa kamba zake kaka zake walinunuliwa madaftari. Yeye mwenyewe hakuketi darasani hata siku moja. Nilipokuwa kijana mwenye majivuno ya vitabu nilimsifu mbele ya wageni kwa uwekevu wake, nikasema kuwa hakuna kilichopotea mikononi mwake. Alinyosha viganja vyake, vigumu na vyeusi kwa michirizi, akasema, “Mwanangu, kimepotea kimoja. Hukuniuliza.”

Sikuwa na jibu, na kwa miaka mingi nimeliandika jibu hili polepole. Ni kweli kuwa katika nyumba za kale vitu havikupotea. Havikupotea kwa sababu vitu vilikuwa ghali na mikono ilikuwa rahisi. Katika nyumba kubwa za karne ya 19 mikono hiyo mara nyingi ilikuwa ya watumwa, ambao hali yao haikuondolewa katika sheria mpaka mwaka 1897 Unguja na Pemba, 1907 katika pwani ya Kenya, na 1922 Tanganyika. Katika nyumba ndogo ilikuwa mikono ya mama, ya bibi, na ya binti aliyezuiwa nyumbani. Nazi ilikamuliwa mara tatu, na pengine aliyekamua alikamuliwa zaidi. Mwanahistoria anayehesabu makuti, vifuu na chicha, akaacha kuhesabu saa za mtu, ameandika nusu ya daftari.

Ushahidi wa neno hili ulionekana katika mwaka 1989, kilimo cha mwani kilipoanza kwa biashara katika fukwe za Unguja. Wanawake wengi wa vijiji vile vile waliacha rungu la makumbi wakaingia majini kupanda mwani, kwa kuwa uliwapa fedha yao wenyewe. Kamba ya nailoni nayo ilikuwa imekwisha kuingia madukani. Hakuna aliyetupa uwekevu kwa ujinga. Watu walipiga hesabu wakaona kuwa wakati wao, uliokuwa haulipwi, umepata bei.

Iko pia namna nyingine ya uwekevu ambayo haifai kuchanganywa na ile ya hiari, nayo ni ya dhiki. Baada ya vita vya Kagera vya miaka 1978 na 1979 Watanzania waliambiwa wajifunge mikanda, na miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa ya foleni, ya sukari ya kupimiwa, na ya sabuni isiyopatikana, hata watu wakafua nguo kwa majani ya mpapai. Waliopita katika miaka hiyo walijifunza kutotupa kitu. Lakini wengi wao, siku maduka yalipojaa tena, walinunua kwa pupa kama watu waliokuwa wakilipiza kisasi. Dhiki hufundisha kubana; haifundishi kupima. Mtu aliyebana kwa kulazimishwa hungoja siku ya kufunguliwa.

Leo sheria imerudisha jambo moja ambalo dhiki haikuweza. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki katika mwaka 2006, Kenya katika mwaka 2017, na Tanzania Bara katika mwaka 2019. Kikapu cha ukili, ambacho vijana walikiona ni mzigo wa bibi, kikarudi mkononi sokoni. Ni jambo la kushukuru, maana mfuko ule ulikuwa kitu cha kwanza katika historia ya nyumba yetu ambacho hakikuwa na maisha ya pili: kuku hakukila, moto wake ulikuwa sumu, na ardhi ilikikataa. Lakini tukiulize kikapu swali lile la shangazi. Je, msukaji wake alilipwa kwa saa zake, au tumerudi kusifu ubora wa ukili na kusahau vidole?

Nionavyo mimi, yako mambo matatu ya nyumba ya kale ambayo nyumba ya leo, yenye watoto wengi na kazi nyingi, yaweza kuyachukua bila kumdhulumu mtu. La kwanza ni kipimo: kujua kabla ya kupika ni vinywa vingapi vitakula. La pili ni mpango wa maisha ya kitu: kuuliza, siku ya kukinunua, kitakuwa nini kikisha chakaa. La tatu ni sinia, yaani kutumia pamoja kile kisichohitaji kuwa cha kila mmoja. Mambo haya hayahitaji mikono mingi. Yahitaji fikira, na fikira zaweza kugawanywa baina ya mume na mke, kaka na dada. Na kama kazi ya kukuna, kukamua, kusugua na kushona ingali iko, basi igawanywe nayo, mvulana akae juu ya mbuzi kama dada yake, na binti aende shule kama kaka yake.

Shangazi huyo amekwisha kufariki. Katika vitu alivyoacha ilikuwamo kamba moja ya makumbi, pima chache, iliyoviringwa vizuri na kufungwa kwa kipande cha kanga. Bado inafaa kufungia chombo. Naiweka mezani ninapoandika.