Mji Uliojengwa kwa Risasi

Mwaka 2022, nchi nzima ilipokuwa ikisimika nguzo za majina ya barabara na kubandika namba za nyumba katika Operesheni ya Anwani za Makazi, nilihudhuria mkutano wa mtaa mmoja hapa mjini Mpanda. Mzee mmoja alipendekeza kijia kinachoelekea upande wa reli kiitwe Barabara ya Risasi. Watu wakacheka. Kijana mmoja akasimama, akasema kwa adabu: “Shikamoo mzee. Sisi ni watu wa amani. Tukiandika risasi kwenye nguzo, wageni watadhani hapa palikuwa na vita.” Pendekezo likafa papo hapo. Nami, niliyefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini, nilikaa kimya. Makala hii ni malipo ya deni la ukimya ule.

Wapenzi wa lugha wanajua kwamba risasi, kabla ya kuwa kitu kitokacho mdomoni mwa bunduki, ni madini: mazito, laini, ya rangi ya kijivu, yanayoyeyuka upesi motoni. Neno limetujia kutoka Kiarabu, ambako nako hubeba maana zote mbili. Mvuvi wa pwani aliitumia risasi kutengeneza chubwi ya kuzamisha mshipi wake. Wazee wetu waliita penseli kalamu ya risasi, ingawa kilichomo ndani yake si risasi hata kidogo. Madini yalitangulia, kombora la bunduki lilipewa jina la kitu kilichoitengeneza. Leo mtoto amerithi kombora na kuyapoteza madini.

Hasara hiyo si ya kamusi peke yake. Mpanda ni mji uliojengwa kwa risasi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba risasi katika mgodi wa Mukwamba, katika nchi hii ya Wabende na Wakonongo. Reli ya Kati ilikuwa imekwisha kufika Kigoma tangu 1914, lakini ilipita mbali nasi, kaskazini. Ili mzigo wa mgodi upate njia ya kwenda Dar es Salaam, serikali ya kikoloni ilijenga tawi kutoka Kaliua hadi Mpanda, kiasi cha kilomita 210, likivuka pori la miombo na mabonde ya maji. Katika miaka ya 1950, risasi ya Mpanda ilikuwa miongoni mwa madini yaliyoipatia Tanganyika fedha za nje. Reli haikuufuata mji. Mji ndio uliokuja kuketi mwishoni mwa reli.

Mgodi ukafungwa mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Kilichobaki ni reli, boma la wilaya na watu waliokataa kuondoka. Kwa miaka mingi Mpanda ilihesabiwa kuwa mwisho wa dunia: mtumishi akihamishiwa huku, jamaa zake walimwaga kama msafiri asiyetazamiwa kurudi. Garimoshi lilibeba mahindi, tumbaku, asali na abiria, na masika barabara za vumbi zilipogeuka tope, reli ile iliyojengwa kwa ajili ya risasi ndiyo iliyotushikilia tusikatike na nchi.

Kisha mji ukafufuka. Machi 2012 Katavi ilimegwa kutoka Rukwa ikawa mkoa, na Mpanda ikawa makao yake makuu. Mwaka huo sensa ilihesabu hapa mjini watu takriban 102,900. Sensa ya 2022 ikahesabu zaidi ya 240,000. Lami imetufikia kutoka Sumbawanga, na nyingine kutoka Tabora. Ndege hutua mahali ambapo tulizoea kusubiri behewa.

Huwa natoka Misunkumilo asubuhi kwenda katikati ya mji kwa miguu, nami husoma majina ya kata kama mtu asomaye ukurasa wa historia. Majengo, jina linalopatikana katika miji mingi ya Tanzania. Mpanda Hoteli, kata nzima iliyobeba jina la hoteli. Uwanja wa Ndege. Kisha majina yenye udongo wa hapa: Nsemulwa, Kashaulili, Kawajense.

Mawili kati ya majina hayo hunisimamisha: Makanyagio na Misunkumilo. La kwanza ni Kiswahili: kanyaga, pamoja na kiambishi -io kinachotaja mahali au namna ya kutenda. Kiambishi hicho zamani kilikuwa na l, ambayo Kiswahili kiliidondosha na lugha nyingi za Kibantu za bara zikaitunza. Sikiliza sasa mwisho wa Misunkumilo: -ilo. Mtaa wangu umehifadhi sauti ambayo Kiswahili kiliiacha njiani. Kata hizi mbili za mji mmoja ni kama ndugu waliolelewa nyumba tofauti. Mmoja amepoteza jino, mwingine bado analo.

Ndiyo maana naogopa. Katika barabara mpya nimeona nguzo zenye majina ambayo yangeweza kusimama katika mji wowote wa Tanzania: Amani, Umoja, Maendeleo. Ni maneno mema, wala sigombani nayo. Lakini mji unaokua upesi namna hii hujazwa na watu wasioukuta ulipokuwa umelala, na nguzo ndiyo mwalimu wao wa kwanza. Nguzo isiposema, nani atasema?

Miezi michache iliyopita nilikutana na kijana yule sokoni. Sasa anauza vipuri vya pikipiki. Nikamwonyesha betri iliyokuwa mezani pake, nikamwambia kwamba ndani yake mna risasi, madini yale yale yaliyouleta mji huu. Aliinyanyua, akaipima uzito mkononi, akainamisha kichwa. Kisha akaniuliza: “Sasa mwalimu, siku ile mbona hukusema?”

Sikuwa na jibu. Mzee aliyetoa pendekezo ameshatangulia mbele ya haki, na kijia chake kina jina lingine. Kwenu washairi, ambao kila siku mnatafuta neno la kukamilishia kina, naweka ombi moja: mtakapoiweka risasi katika ubeti, angalau mara moja ichimbeni ardhini badala ya kuifyatua.