Kubizimu kwa Mtaa: Jinsi ya Kusoma Picha ya Nairobi Iliyokatwakatwa

Ushawahi simama mbele ya picha ya Nairobi, ukaona tu pembe, rangi na madirisha yamepinda, ukaambia beste yako, "Hii hata mtoi anaweza chora"? Tulia kiasi. Hiyo style inaitwa kubizimu, na kama umelelewa Eastlands, uko na macho ya kuielewa kuliko wengi.

Kubizimu ni nini?

Chukulia mathree. Ukiichora ukiwa umesimama mbele yake, utapata kioo, taa na namba. Graffiti ya ubavuni imepotea, keria ya juu imepotea, na makanga anayening'inia mlangoni pia hayuko. Lakini wewe unaijua hiyo nganya yote, si sura yake pekee. Mchoraji wa kubizimu anaivunja vipande, anavipanga upya kwa ubao mmoja, ndio uone mbele, ubavu na juu kwa wakati mmoja.

Usichanganye na picha ya rangi tupu isiyo na kitu. Hapa kitu kiko, ni vile kimefunguliwa kama boksi.

Ilitokea wapi?

Ilianzia Ufaransa. Mwaka wa 1907, Pablo Picasso aliona vinyago vya Afrika kwenye jumba la makumbusho la Trocadéro, Paris, na vikabadilisha vile alikuwa anachora sura za watu. Mwaka wa 1908, Georges Braque alichora nyumba za kijiji cha L'Estaque bila madoido, paa na kuta tu. Mhakiki Louis Vauxcelles akazicheka, akisema ni vijiboksi. Jina likashika.

Baadaye jiji lenyewe likaingia kwa picha. Robert Delaunay alichora mnara wa Eiffel kuanzia 1909, ukiwa umepinda na kuvunjika kama unauona ukitembea. Fernand Léger akamaliza picha yake kubwa ya *La Ville*, yaani jiji, mwaka wa 1919, ikiwa imejaa ngazi, nguzo na maandishi ya mabango.

Kwa hivyo mtu akikushow ati msanii wa Nairobi anayechora hivi anaiga wazungu, mkumbushe hiyo deni ilianzia upande gani.

Eastlands inaingia wapi?

Panda mat ya Jogoo Road. Ukipita City Stadium unapata Kaloleni, nyumba za mawe zilizojengwa miaka ya 1940 enzi za mkoloni. Karibu hapo ni Makongeni, mtaa uliojengewa watu wa reli. Mbele kuna Maringo na Jericho, halafu Buru, iliyojengwa kwa phase tano kuanzia miaka ya 1970. Hizo maisonette zilikuwa zimefanana kama mapacha. Leo moja imeongezwa duka mbele, nyingine imepandishwa juu, nyingine imegeuzwa keja za kurent. Ingia Umoja upate ghorofa limesimama pahali palikuwa na kanyumba ka chini.

Miaka themanini ya mjengo, yote kwa safari moja. Kamera inanasa sekunde moja tu ya hiyo safari. Kubizimu inaweza kubeba safari nzima.

Na usidhani sanaa ni ya Westlands pekee. Brush Tu, kikundi kilichoanzishwa 2013 na Boniface Maina, David Thuku na Michael Musyoka, kilianzia Buruburu, ndani ya nyumba ya estate kama ya jirani yako. Kila mmoja wao ana style yake, na mtaa ndio uliwalea kisanii.

Mbona rangi ya mafuta?

Rangi ya mafuta haikauki kama maji yanavyokauka kwa kamba ya nguo. Inashikana na hewa polepole: juu inakauka kwa siku kadhaa, ndani inachukua miezi. Hiyo inampa mchoraji muda wa kulainisha mpaka wa ukuta na anga. Sheria ni moja: tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, ama picha itapasuka. Ndio maana wengi hapa Kanairo huchagua akriliki, inakauka chap chap na inachanganywa na maji.

Jinsi ya kuisoma

Kwanza, usitafute mlango wa kuingilia. Tafuta kitu kimoja unakijua: tenki la maji, kamba ya nguo, paa la vigae, mabati. Pili, jiulize umekiona ukiwa wapi: juu, chini ama kwa dirisha la mat. Tatu, fuata rangi. Rangi ikirudi pembe tatu tofauti, hapo ndio msanii amefunga picha isianguke.

Halafu uliza swali la maana: ni nini hapa hakiko tena? Pangani ya zamani ilibomolewa, maghorofa yakapanda. Estate zingine za zamani ziko kwa hiyo laini. Kuna mathe amelea watoto wake wote kwa hizo nyumba, na watoto wa hao watoto watajua ghorofa tu. Ramani mpya haiwezi kuonyesha nyumba ya jana na ghorofa ya leo kwa ploti moja. Picha ya kubizimu inaweza, bila kuchagua upande.