Mtambo wa Soksi wa William Lee: Tukiulize Chuma Chenyewe

Anayekuta mtambo wa kale wa kufumia kwa mkono, umekula kutu na hauna jina la aliyeuunda, aanze na sindano. Kabla hajafungua kitabu chochote, aitazame ncha ya sindano moja. Ikiwa imekunjwa kurudi nyuma kama ndoana ndefu, na mwilini mwa sindano kuna mfuo ambamo ncha hiyo huzama ikibanwa, basi ukoo wa mtambo huo unaanzia Calverton, kijiji kilicho karibu na Nottingham, katikati ya Uingereza, mwaka 1589. Ikiwa sindano ina kiulimi kidogo kinachofunguka na kufunga, huo ni mtambo wa zama za baadaye. Sindano ya kiulimi ilishika kazi baada ya Matthew Townsend wa Leicester kuibuni miaka ya 1840.

Naanza na chuma kwa sababu hadithi za mtambo wa 1589 zimepambwa kupita kiasi. Inasimuliwa kwamba mbunifu wake, William Lee, alikuwa kasisi kijana aliyempenda binti asiyemjali. Kila akienda kumtembelea, binti yuko na sindano zake anafuma soksi, macho hayainui. Lee akaapa kuunda kitu kitakachoifanya kazi hiyo isiwe na thamani tena. Wengine wanasema haikuwa hasira bali huruma: alimwona mkewe akifuma usiku na mchana ili familia ile. Simulizi hiyo ya pili ndiyo aliyoichora Alfred Elmore katika picha yake ya miaka ya 1840, zaidi ya karne mbili baada ya Lee kufa. Kisha kuna ile ya Malkia Elizabeth wa Kwanza kumnyima Lee hataza kwa kuwahurumia maskini waliokuwa wakiishi kwa kufuma kwa mkono. Maneno anayowekewa malkia mdomoni yanatoka kwa waandishi wa karne zilizofuata, nao hawakuwapo.

Kinachosimama imara ni mikataba. Mwaka 1600 Lee aliingia ubia na George Brooke, mtu wa ukoo wa kibwana, ambaye angeweza kumtafutia fedha na kumfungulia milango ya wakubwa. Miaka mitatu baadaye Brooke alikatwa kichwa kwa kula njama dhidi ya Mfalme James wa Kwanza. Lee akavuka bahari kwenda Ufaransa. Mwaka 1610 mfalme wa huko, Henri wa Nne, akauawa Paris kwa kisu, lakini mwaka 1612 jina la Lee linaonekana katika mkataba wa Rouen, akishirikiana na Pierre de Caux kufuma soksi za hariri na za sufu. Alifia ugenini karibu mwaka 1614. Ndugu yake James ndiye aliyerudi Uingereza na mafundi na mitambo, na biashara ikaota mizizi London.

Chama cha wafumaji wa mitambo kilipata hati ya kuanzishwa mwaka 1657, enzi ya Oliver Cromwell. Jumba lao lilikuwa na picha ya Lee, na maandishi ya picha hiyo ndiyo yaliyobeba mwaka 1589 tunaoutaja hadi leo. Yalisema pia kwamba ufundi huo ulikuwa chuma kwa aliyeubuni na dhahabu kwa wengine. Nimesoma mengi kuhusu Lee, na sijaona hukumu iliyo ya haki kuliko hiyo.

Dhahabu hiyo ililindwa kwa wivu. Mwaka 1696 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku kusafirisha mitambo hiyo nje ya nchi. Hata hivyo ilikuwa imeshavuka, na maelezo yake bora kabisa yakaja kuandikwa kwa Kifaransa. Denis Diderot aliuandikia mtambo wa soksi makala ndefu katika juzuu ya pili ya Encyclopédie, na michoro iliyochapwa baadaye ikaonyesha kila kipande peke yake. Diderot aliustaajabia: aliuona mtambo mzima kuwa ni hoja moja iliyokamilika, na soksi inayotoka ndiyo hitimisho lake. Mpaka sasa, mwenye kipande cha chuma asichokijua mkononi anaweza kukilinganisha na michoro hiyo akakipatia mahali pake.

Tuukaribie basi. Mfumaji huketi kwenye ubao ndani ya kiunzi kizito cha mbao, mitambo ya chuma ikimkabili kifuani. Analaza uzi juu ya safu nzima ya sindano. Anakanyaga pedali, na vibamba vyembamba vya chuma vinashuka kimoja baada ya kingine katikati ya sindano na kuukunja uzi uwe vitanzi. Mikono yake inavuta chuma mbele, vitanzi vipya vinaingia chini ya kulabu za sindano. Anakanyaga pedali nyingine. Upau wa chuma unashuka na kuzibana kulabu zote kwa mpigo mmoja, hivyo vitanzi vya mstari uliopita vinateleza juu yake na kudondoka upande wa pili. Mstari mmoja umekwisha, anarudia. Mikono, miguu na macho vinafanya kazi kwa wakati mmoja, na ndiyo maana nyumba za wafumaji zilikuwa na madirisha marefu mno: mwanga ulikuwa sehemu ya zana. Kinachotoka ni kipande bapa, kilichopunguzwa pembeni kufuata umbo la mguu, kisha wanawake na watoto wakakishona kiwe soksi.

Ukiutazama mtambo wenyewe utaona sindano zimeshikwa mbili mbili katika vipande vya risasi vilivyosubiwa. Humo ndimo kilimo kipimo cha ubora wake. Hesabu vipande hivyo vya risasi katika inchi tatu, na hiyo ndiyo geji ya mtambo. Geji ndogo ni kazi nene ya sufu. Geji kubwa ni hariri na pamba laini. Tazama pia kama mbele kuna safu ya pili ya sindano zilizosimama wima. Kama ipo, huo ni mtambo wa kufuma mistari inayovutika, uvumbuzi ambao Jedediah Strutt wa Derbyshire alipatia hataza mwishoni mwa miaka ya 1750, naye akatajirika.

Lakini geji haitakuambia aliyekuwa akikalia ule ubao alikuwa na hali gani. Kwa hilo inabidi kwenda kwenye karatasi, na karatasi zinaumiza. Wafumaji wengi hawakumiliki mitambo waliyoifanyia kazi. Waliikodi kwa wenye biashara ya soksi au kwa madalali, na kodi ilikatwa kwenye ujira kila wiki. Ilikatwa kazi ikiwa nyingi, ilikatwa kazi ikiwa ya siku mbili tu. Kwa hiyo mwenye mitambo alinufaika kwa kuwagawia watu wengi kazi kidogo kidogo: kila kiti kilimletea kodi. Serikali ilipomtuma Richard Muggeridge kuchunguza hali ya wafumaji miaka ya 1840, wao wenyewe walijitokeza kueleza mmoja mmoja namna walivyonyongwa na makato hayo. Wakati huo William Felkin alihesabu mitambo zaidi ya 48,000. Felkin aliijua kazi hiyo tangu ujana wake, kisha akawa meya wa Nottingham, na kitabu chake cha 1867 bado ndicho ngazi ya kwanza kwa yeyote anayefuatilia historia hii. Kabla yake alikuwepo Gravenor Henson, kiongozi wa wafumaji, aliyechapisha historia yao mwaka 1831. Ilitoka juzuu ya kwanza peke yake.

Hapa ndipo inapofaa kuwatetea watu wa Ned Ludd, wavunja mitambo wanaotajwa kila siku kama maadui wa maendeleo. Mwezi Machi 1811, huko Arnold karibu na Nottingham, wafumaji walianza kuvunja mitambo kwa nyundo. Mitambo hiyo haikuwa migeni kwao. Ilikuwa imefuma soksi kwa zaidi ya miaka mia mbili, na baba na babu zao waliitumia. Walichokipinga ni ujira kushushwa, watu wasiofundishwa kazi kuingizwa, na mitambo mipana kutumiwa kutoa kitambaa kinachokatwa kwa mkasi na kushonwa kiwe soksi ambazo zilifumuka upesi na kuharibu sifa ya ufundi wote. Mwajiri aliyelipa sawasawa mara nyingi mitambo yake iliachwa salama. Februari 27, 1812, mshairi Lord Byron alisimama katika Baraza la Mabwana, hotuba yake ya kwanza humo, akawatetea. Sheria ikapitishwa hata hivyo: kuvunja mtambo wa soksi kukawa kosa la kunyongwa. Kodi ya mtambo yenyewe ilikuja kufutwa na sheria mwaka 1874, wakati mashine za mvuke za William Cotton wa Loughborough, zilizopata hataza 1864, zilikuwa zimeanza kuuondoa mtambo wa mkono sokoni.

Anayetaka kuiona mitambo ya mkono ikifanya kazi aende Ruddington, kusini mwa Nottingham, kwenye karakana za mwaka 1829 ambazo sasa ni makumbusho ya wafumaji. Mitambo bado inakanyagwa mbele ya wageni.

Na mtambo wa sindano za kiulimi? Huo ulikwenda njia yake. Mmarekani Isaac Lamb alipata hataza ya mashine bapa ya mkono mwaka 1863. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya 1867, Mswisi Edouard Dubied alivutiwa nayo, akafungua kiwanda Couvet, milimani Neuchâtel, kilichounda mashine za kufuma kwa zaidi ya karne moja. Mashine ya ukoo huu, yenye gari dogo linalosukumwa kushoto na kulia juu ya safu za sindano, ndiyo iliyozoeleka kwetu. Masweta ya shule ya watoto wengi wa Kenya na Tanzania, hasa nyanda za baridi, yamefumwa hivyo na mafundi, wengi wao akina mama, katika vyumba vya nyumbani na vibanda vya sokoni.

Mashine hizi sasa zinauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kama kwenu iko moja, kabla haijapanda mkokoteni, safisha bamba lake na uandike jina na namba iliyogongwa, upana wa kitanda chake na idadi ya sindano katika inchi moja. Kisha mkalishe chini aliyeitumia, umuulize aliinunua kwa nani, kwa fedha gani, sweta moja aliuza shilingi ngapi, na nani alimfundisha. Andika tarehe na jina lake kamili. Mafundi wa Calverton na Arnold walipata Henson na Felkin wa kuwaandikia; wa kwetu wanakutegemea wewe.