Kuvuta trela: Usalama huanza kabla ya safari

MALORI yenye trela hutoka katika bandari ya Kilindini usiku na mchana yakipeleka makontena bara. Madereva wake hufunzwa kazi hiyo. Lakini wapo pia wenye magari madogo na pikapu wanaofunga trela nyuma kubeba mashua, mahema ya kupigia kambi au vyombo vya nyumbani, na wengi huanza bila mafunzo yoyote.

Jambo la kwanza kwa anayeanza ni kuelewa kwamba utulivu wa trela huamuliwa na jinsi ilivyopakiwa, wala si na ustadi wa dereva barabarani.

Trela ya magurudumu mawili haina tofauti kubwa na mkokoteni. Hamali wa Mombasa anajua kwamba shehena ikizidi nyuma, mipini huinuka na kumshinda nguvu. Vivyo hivyo, uzito ukizidi nyuma ya ekseli, trela huinua sehemu ya nyuma ya gari, magurudumu hupoteza mshiko, na trela huanza kuyumba huku na huku.

Kwa hivyo, vitu vizito viwekwe chini, karibu na ekseli, vikielekea mbele kidogo, kisha vifungwe kwa kamba imara. Kwa kawaida, mkono wa trela unatakiwa kulilemea gari kwa takriban asilimia 10 ya uzito wote wa trela. Trela ya kilo 800, kwa mfano, ilemee kwa kilo 80 hivi, mradi kiwango hicho kisizidi kile kilichowekwa na mtengenezaji wa gari.

Ukaguzi

Kabla ya kuondoka, hakikisha kiungo kimefungwa na pini yake iko mahali pake. Minyororo ya usalama ipishane chini ya mkono wa trela, ili kiungo kikiachia, mkono huo usichimbe lami. Mtu mwingine asimame nyuma kuthibitisha kwamba taa za breki na indiketa zinawaka. Upepo wa tairi upimwe zikiwa bado baridi.

Kwa wanaobeba mashua, maji ya chumvi ni adui mkubwa. Trela iliyoingizwa baharini ioshwe kwa maji baridi, na beringi za magurudumu zitiwe grisi mara kwa mara. Baada ya kilomita 20 za mwanzo, simama pembeni ukague kamba na kiungo. Gurudumu lenye joto jingi kuliko mwenzake huashiria beringi au breki mbovu.

Barabarani

Mwendo wa gari ukiongezeka maradufu, nguvu inayohitajika kulisimamisha huongezeka mara 4. Trela huongeza uzito juu ya hayo. Acha nafasi kubwa mbele yako na ufunge breki mapema. Katika mteremko kama ule wa kutoka Mazeras kuelekea Miritini, ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, ili breki zisipate moto.

Trela ikianza kuyumba, usikanyage breki kwa ghafla wala usishindane nayo kwa usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, na uache mwendo upungue wenyewe. Kisha simama mahali salama upange shehena upya. Kuendelea na safari bila kufanya hivyo ni kukaribisha hatari ile ile.

Kwenye kona, trela hukata ndani zaidi kuliko gari, hivyo pinda kwa upana. Barabara nyembamba za Mji wa Kale hazifai kwa trela. Unaporudi nyuma, shika usukani upande wake wa chini: mkono ukienda kushoto, trela huenda kushoto, ukienda kulia, nayo huenda kulia. Jizoeze kwanza katika uwanja mtupu.

Kivukoni

Wanaoelekea Pwani ya Kusini wanaweza kupitia barabara ya Dongo Kundu na kuepuka feri. Anayevuka Likoni azingatie kwamba uzito wa trela hulivuta gari nyuma kwenye mteremko wa kupandia. Akishaegesha, avute breki ya mkono, aache gari katika gia, na aweke kabari kwenye magurudumu ya gari na ya trela.

Tahadhari hiyo si ya kupuuzwa. Septemba 29, 2019, gari dogo lisilovuta chochote lilirudi nyuma na kutumbukia baharini kutoka feri ya MV Harambee, na mama na mtoto wake wa miaka 4 wakafa maji. Ilichukua karibu wiki mbili kuliopoa.

Mwisho, kabla ya kununua au kukodi trela, thibitisha kwamba leseni yako na bima ya gari zinaruhusu kuivuta. Ajali ikitokea, muda wa kuuliza hayo utakuwa umepita.