Hifadhi ya YUS

Hifadhi ya YUS ni eneo la msitu wa mvua katika Rasi ya Huon, Papua Guinea Mpya. Jina limetokana na mito mitatu: Yopno, Uruwa na Som. Ilitangazwa mwaka 2009, ikawa ya kwanza nchini humo kuundwa chini ya Sheria ya Maeneo ya Hifadhi ya 1978, iliyokuwa imelala kabatini miaka 31.

Ardhi ni ya koo, si ya serikali, kama ilivyo sehemu kubwa ya nchi hiyo. Kwa hiyo hakuna mwanakijiji aliyefukuzwa. Koo zenyewe zilijitolea kutenga vipande vya misitu yao ambamo uwindaji, ukataji miti na uchimbaji madini haviruhusiwi, zikabaki na mashamba na sehemu nyingine za kuwindia. Walinzi huajiriwa kutoka vijiji hivyohivyo. Kinacholindwa hasa ni kangaruu wa mitini wa Matschie, mwenye asili ya rasi hiyo tu, ambaye nyama yake huliwa na manyoya yake hupamba mavazi ya ngoma.

Bustani ya wanyama ya Woodland Park, Seattle, imeshirikiana na wanavijiji hao kwa miaka mingi. Kahawa ya wanavijiji hao nayo imewahi kuuzwa katika jiji hilo.