MSAMAHA WA KODI NI DENI

Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, umeme wake uliviita viwanda Jinja: cha nguo cha Nyanza, na cha kuyeyushia shaba ya Kilembe. Mwaka 1991 Serikali ya Uganda iliwapa wawekezaji msamaha wa kodi. Sheria ya mwaka 1997 ikauondoa. Baadaye misamaha ilirejeshwa kwa masharti, likiwamo la kuajiri raia. Sharti hilo sasa lapimwa Mbale, ambako eneo la viwanda la Wachina lilizinduliwa mwaka 2018.

Askari hulipwa mshahara kutokana na kodi. Kampuni yenye faida ikisamehewa, mzigo wake huchukuliwa na mkulima na mchuuzi. Kwa hiyo msamaha ni deni, na malipo yake ni kazi za kudumu kwa wenyeji. Isiyoajiri, na itozwe.